Usisubiri usiku wa kura: namna ya kuisemesha bodi ya shule California

Mwaka wangu wa pili hapa California, basi la shule lililokuwa likiwachukua wanangu wawili lilifutwa. Habari niliipata kwenye karatasi ndani ya begi la mtoto. Nikabadilishana zamu na mwenzangu kazini, nikaenda mkutano wa bodi ya shule na hasira zangu. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa limepitishwa wiki mbili nyuma, pamoja na mengine kumi na kitu, kwa kura moja, bila mtu kufungua mdomo. Sheria haikuvunjwa. Nilichelewa tu, na nilichelewa kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza mambo haya yanavyokwenda. Nawaeleza ninyi, wazazi wenzangu mnaozungumza Kiswahili huku, hasa mnaodhani mikutano ile ni ya wenyeji peke yao.

Jua kwanza nani anaamua nini. Bodi ni watu waliochaguliwa kwa kura, mara nyingi watano au saba, na kipindi chao kwa kawaida ni miaka minne. Wanapitisha bajeti na kalenda, wanafunga na kufungua shule, wanamwajiri msimamizi mkuu wa wilaya ya shule. Alama za mtoto wako au ugomvi wake darasani si wa kwao. Nimewahi kumwona mama akilia mbele yao kwa sababu ya mwalimu mmoja. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakaita anayefuata. Iliniuma sana. Jambo la mtoto mmoja lianzie kwa mwalimu, kisha mkuu wa shule. Bodi ipelekee linalogusa watoto wengi.

Sasa ajenda, na hapa naomba tuelewane vizuri. Kuna sheria ya California ya mwaka 1953, inaitwa Brown Act. Inataka ajenda ya mkutano wa kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na ya mkutano maalumu saa 24 kabla. Mkutano ukiwa Jumanne jioni, ajenda utaikuta kwenye tovuti ya wilaya Ijumaa au Jumamosi. Mimi huifungua Ijumaa usiku nikitoka zamu. Usianze na vichwa vikubwa. Tafuta sehemu yenye neno Consent. Humo ndimo vinamowekwa vipengele ambavyo ofisi inaona havina mjadala, na vyote hupitishwa kwa mkupuo. Basi letu lilifia humo, ndani ya mkataba wa usafiri wenye kurasa nyingi. Ukiona kipengele kinachokugusa, mwandikie barua pepe mjumbe mmoja wa bodi kabla ya mkutano, umwombe akitoe kwenye mkupuo kijadiliwe peke yake. Mistari mitatu inatosha. Taja namba ya kipengele.

Na kama jambo lako halimo kabisa kwenye ajenda? Sheria ya elimu ya jimbo inawapa wananchi njia ya kuomba liwekwe, mradi linahusu kazi za wilaya. Uliza ofisi ya msimamizi mkuu utaratibu wao na siku ya mwisho ya kupeleka ombi.

Kuhusu kusema mbele ya bodi, naanza na hofu, maana ndiyo inayotubakiza nyumbani. Kuhudhuria hakuhitaji uraia. Hawaruhusiwi kukulazimisha uandike jina lako ndipo uingie. Tena tangu mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua kwamba shule za umma haziwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kuikosoa sera ya wilaya nayo ni haki yako. Bodi haiwezi kukuzuia kwa kuwa tu maneno yako hayaipendezi.

Muda wa kusema mara nyingi ni dakika 2 au 3. Wengi wetu hatujui hili: bodi ikiweka kikomo cha muda, anayesema kupitia mkalimani anapaswa kupewa angalau mara mbili ya muda huo, isipokuwa kama kuna vyombo vya kutafsiri papo hapo wakati unasema. Dakika 2 zako ni 4. Omba mkalimani kwa maandishi siku kadhaa kabla, na uandike "Kiswahili" wazi, kwa sababu nimeona mtu akiletewa mkalimani wa Kisomali kwa kudhaniwa tu. Usimtumie mwanao kutafsiri. Mtoto hulainisha maneno ya mama yake mbele ya watu wazima, na wewe hutajua.

Sisi tumelelewa kwamba hufiki mbele ya wakubwa ukaanza na shida. Unasalimia, unaulizia hali, unashukuru. Mara ya kwanza niliposimama pale salamu zangu zilikula karibu dakika nzima, na kengele ikalia sijataja basi. Siku hizi nasema hivi: "Habari za jioni. Mimi ni mzazi wa watoto wawili. Naongelea kipengele cha 9. Naomba basi la asubuhi lirudi, kwa sababu watoto wa nyumba zetu wanavuka barabara kubwa isiyo na taa." Ombi moja, sababu moja, kisha kisa kimoja kifupi cha kweli. Ukiwa na wenzako, gawaneni: mmoja aseme kuhusu barabara, mwingine kuhusu zamu za kazi, mwingine kuhusu siku ambazo watoto wamekosa shule. Watu sita kurudia maneno yale yale huwachosha wajumbe.

Ukimaliza huenda wakanyamaza. Usichukulie ni dharau. Kwa jambo lisilo kwenye ajenda, sheria inawazuia kulijadili au kuliamua usiku ule. Wanaweza kutoa jibu fupi au kuwaagiza watumishi walifuatilie. Kesho yake andika barua pepe uulize ni mtumishi gani amepewa.

Lakini mwenzangu, usiku wa mkutano ni wa mwisho. Fedha hupangwa miezi kabla. Tangu mwaka 2013 wilaya hupata nyongeza ya asilimia 20 juu ya kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo, anayejifunza Kiingereza, au anayelelewa chini ya ulezi wa serikali. Watoto wetu wengi wamo katika hesabu hiyo. Namna ya kutumia fedha hizo huandikwa kwenye mpango unaoitwa LCAP, unaopaswa kupitishwa kufikia tarehe 1 Julai. Kabla yake lazima kuwe na kikao cha wazi cha kusikiliza wananchi, na kura haiwezi kupigwa siku hiyo hiyo ya kusikiliza. Kikao hicho usikikose, ila ombi lako liwe limewafikia tangu Februari au Machi, wakati rasimu bado ni laini.

Njia yangu ilikuwa ELAC. Shule yenye wanafunzi 21 au zaidi wanaojifunza Kiingereza inapaswa kuwa na kamati hiyo ya wazazi wao. Wilaya ikifikisha 51, inakuwa na kamati yake, DELAC. Shuleni kwetu kamati ilikuwepo kwa jina na walikuwa wakihudhuria wazazi watatu. Tukaingia kina mama wanne kwa mpigo. Katika chumba kile hakuna kengele ya dakika mbili, na anayeandika mapendekezo ameketi karibu yako.

Mkihitaji takwimu, ombeni kwa maandishi kwa kutumia sheria ya kumbukumbu za umma. Wilaya ina siku 10 za kukuambia kama inazo na itazitoa, ingawa muda huo unaweza kuongezwa. Sisi tuliomba idadi ya watoto waliokuwa wakipanda basi lile kabla halijafutwa, na idadi hiyo ndiyo tuliyoisoma mbele ya bodi.

Basi la asubuhi lilirudi shule zilipofunguliwa Agosti. La mchana bado. Limo katika mapendekezo ambayo kamati yetu ilipeleka Februari, na kila Ijumaa usiku, kabla sijavua viatu vya kazini, nafungua ajenda na kuanza na ile sehemu ya Consent.