Somo: Kupima afya ya mto kwa wadudu wa majini

Rangi ya maji hudanganya, na kipimo cha maabara kinaeleza maji ya saa ile tu. Uchafu ukimwagwa usiku, asubuhi umeshapita. Mdudu aliyekaa chini ya jiwe kwa wiki nzima hakuwa na pa kukimbilia. Wataalamu Tanzania wanatumia TARISS, mfumo wa kupima mito kwa wadudu wa majini. Leo tujifunze miniSASS, njia rahisi ya aina hiyo kutoka Afrika Kusini, ambayo hata mwanafunzi anaiweza. Kila kundi la wadudu lina alama yake: lisilovumilia uchafu lina alama kubwa, linalouvumilia lina ndogo.

1. Vaa buti na glavu za mpira. Kichocho si mchezo.

2. Simama penye mkondo na mawe. Tega wavu maji yanakoelekea, vuruga mawe kwa miguu, kisha pitisha wavu kwenye majani ya kingo. Dakika 5 zinatosha.

3. Mimina kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo, utulie. Mwanzoni utaona takataka tu, halafu kijiti kinaanza kutembea: ni buu aliyejijengea nyumba ya mchanga na vijiti kwa uzi wake mwenyewe. Huyo anapendeza kumtazama, na ana alama 9.

4. Andika makundi, si idadi ya wadudu. Minyoo 100 ni kundi moja, alama 2. Jumlisha alama, gawa kwa idadi ya makundi. Mfano, juu ya sehemu ya kuoshea magari umepata buu huyo (9), kaa (6), watoto wa kereng'ende (6) na mabuu ya nzi (2): 23 ÷ 4 = 5.75. Chini yake una minyoo (2), ruba (2), mabuu ya nzi (2) na konokono (4): 10 ÷ 4 = 2.5. Makundi ni manne kote, lakini mto umeumia.

5. Warudishe majini.

Maswali ya wanachama

– Mwalimu, alama zikiwa juu tunaweza kunywa?
Hapana ndugu yangu. Wadudu hawakuonyeshi vijidudu vya kipindupindu. Chemsha.

– Kwetu nimepata mabuu mekundu matupu. Kwa nini?
Wekundu huo ni himoglobini, kama ya damu yetu. Inawasaidia kuishi penye oksijeni haba, ambapo wengine wamekufa. Angalia kama kuna maji taka yanayoingia hapo juu.

– Mvua kubwa ilinyesha jana, nipime?
Subiri dada, mafuriko huwazoa wadudu. Maji yakishatulia, wape wiki kadhaa warudi.

– Na bwawani?
Alama hizi ni za maji yanayotiririka tu.