Wala mwani wa Tanganyika: usiwalishe dagaa

Samaki wangu wa kwanza wa Tanganyika niliwaua kwa dagaa. Walikuwa duboisi tisa, wachanga, weusi ti wenye madoa meupe kama walionyunyiziwa chumvi, niliowanunua Dar es Salaam kwa pesa ambayo mume wangu hadi leo hajaambiwa ilikuwa ngapi. Nilimuuliza muuzaji wanakula nini. "Dada, hawa hawana makuu," akasema, "wanakula chochote." Na mimi mtoto wa Kigoma nikajiongeza: kama wametoka ziwani kwetu, dagaa wa kwetu si ndio chakula chao? Nikawa natwanga dagaa wakavu kwenye kinu, nachekecha, nawanyunyizia unga asubuhi na jioni. Wakanenepa, nikafurahi. Wiki ya nne mmoja akaanza kujitenga nyuma ya filta. Anachukua chakula, anakitema. Tumbo limevimba, na nyuma anaburuta kinyesi cheupe kama uzi. Ndani ya siku kumi walibaki wanne.

Nikampigia mjomba, aliyevua miaka mingi pale Kibirizi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Habari za huko?"

Nikamweleza. Akacheka kwanza. "Hivi mama, umewahi kumwona samaki wa kwenye mawe akimfukuza dagaa? Dagaa yuko huko kwenye maji makuu, tunamfuata usiku na taa. Huyu wa mawe yeye ni kulamba mawe tu, kutwa nzima."

Siku hiyohiyo nilimpasua mmoja aliyekufa. Mwili wake ulikuwa kama sentimita 6. Utumbo ulikuwa umejizungusha tumboni mara nyingi, na nilipounyoosha juu ya gazeti ukaipita alama ya 20 ya rula. Utumbo wa namna hiyo umeumbwa kwa chakula hafifu kinachoingia kidogokidogo tangu jua linachomoza hadi linazama. Nami nilikuwa naushindilia unga wa samaki mara mbili kwa siku. Wafugaji wanabishana sana kuhusu chanzo cha ugonjwa huu wa kuvimba: wengine wanalaumu chakula, wengine vijidudu vya utumboni, wengine maji machafu na ugomvi wa samaki wenyewe. Mimi naona huja vikishikana mikono, ila chakula ndicho kilicho rahisi kukirekebisha leo hii.

Kwa hiyo kabla ya kununua kopo lolote, mjue uliye naye. Duboisi na nduguze moorii, wote wa jenasi ya Tropheus, hung'ata na kunyofoa mwani wa nyuzinyuzi. Petrochromis ana midomo minene na meno mengi mafupi kama brashi; yeye anachana dayatomu, yaani mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, kutoka kwenye jiwe na kuuacha mwani mrefu ulivyo. Wa Ziwa Nyasa, wale mbuna, wengi pia ni wakwaruzaji wa mawe, lakini usiwaweke wote kapu moja: yule wa njano anayependwa na kila mtu, Labidochromis caeruleus, anapenda zaidi kudonoa wadudu. Na wa njano wa Tanganyika, leleupi, ni mla wadudu kabisa. Ukimfuga tangi moja na duboisi, chakula kitakachomfaa yeye kitakwenda kwenye matumbo ya duboisi, maana duboisi wana mbio na tamaa. Niliwahi kujaribu. Leleupi nilimrudisha dukani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi hulipindua. Samaki hawa si wala majani watupu. Kile kinachoota juu ya jiwe ziwani, wafugaji wa Ulaya hukiita kwa Kijerumani aufwuchs, ni mwani pamoja na kila kilichojificha ndani yake: dayatomu, vijidudu vya jamii ya kamba, viluwiluwi vya wadudu, hata mchanga. Anayekwambia usiwape kabisa chochote chenye asili ya mnyama amezidisha. Kinachoumiza ni wingi, na ni mafuta, hasa ya mnyama wa nchi kavu. Moyo wa ng'ombe uliosagwa usiwape kabisa, na ile minyoo myekundu iliyogandishwa mwachie mwenye samaki wengine.

Ukifika dukani, geuza kopo usome nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Makopo mengi yameandikwa "spirulina" (mwani mdogo sana unaokaushwa kuwa unga) mbele kwa herufi kubwa za kijani, lakini nyuma cha kwanza ni unga wa samaki, cha pili ngano, na spirulina unaikuta mkiani karibu na rangi. Ninachotaka ni spirulina au mwani katika viambato viwili vitatu vya mwanzo. Halafu angalia mafuta. Mimi sinunui kinachozidi asilimia 7. Namba ya protini isikutishe sana, maana spirulina kavu yenyewe ni protini zaidi ya nusu ya uzito wake. Ndiyo hiyohiyo inayowalisha heroe, wale ndege flamingo, wa maziwa ya Natron na Bogoria, na hakuna aliyewahi kumwita heroe mla nyama. Kwa hiyo mtu akikwambia "tafuta protini ndogo tu", mwulize protini ya nini.

Punje ziwe ndogo, milimita 1 hivi, na uziloweke dakika tano kwenye kikombe cha maji ya tangi ili zivimbie humo badala ya kuvimbia tumboni. Nunua kopo dogo. Joto na unyevu wa Dar vinaharibu chakula upesi, na kopo la nusu kilo ulilolipata kwa bei ya chee litakuwa limechacha kabla hujafika katikati. La kwangu linakaa kwenye friji, mlangoni, pembeni ya achari.

Sokoni pia kuna chakula. Tango nalikata mviringo na kulichomeka kwenye uma ili lizame. Njegere nazichemsha kidogo, namenya ganda, naponda. Mchicha au spinachi nautumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, nausuuza kwa maji baridi, naubana na jiwe. Siku ya kwanza wataukwepa, ya pili watauonja, ya tatu unabaki mshipa mtupu. Karatasi za mwani zile za kufungia wali wa Kijapani ni nzuri sana, ila chagua zisizotiwa chumvi wala mafuta. Watu wananiuliza kuhusu mwani wa Zanzibar, ule unaoanikwa Paje na Jambiani. Huo hulimwa kwa ajili ya kutoa utomvu wa viwandani, ni mgumu na umejaa chumvi. Mimi siutumii.

Chakula ninachokiamini kuliko vyote hakiuzwi. Chukua beseni jeupe, lijaze maji unayoyatoa tangini siku ya kubadilisha, maana yana naitreti ambayo mwani unaipenda, halafu panga humo mawe laini ya ukubwa wa ngumi. Liweke juani. Juu ya paa langu huku Dar, wiki mbili hadi tatu zinatosha jiwe kuota manyoya ya kijani. Funika kwa kipande cha chandarua, la sivyo utafuga viluwiluwi vya mbu na majirani watakuja na maneno. Ninayo mawe kumi na mawili: manne yako tangini, manane yanaota. Jumapili nabadilisha. Jiwe jipya likiingia, samaki wanaliegemea kwa kichwa, wanang'ata, wanatikisa mwili mzima. Hapo ndipo nilipoelewa mjomba alimaanisha nini kwa kusema kulamba.

Mara moja kwa mwezi napika uji wao. Mchicha uliochemshwa na kukamuliwa, vikombe viwili. Njegere zilizomenywa, kikombe kimoja. Spirulina ya unga, vijiko vitatu vya chakula. Na kamba wabichi wasiozidi kiganja, pamoja na maganda yao, kwa ajili ya rangi. Nasaga kwa blenda mpaka hakuna chembe. Nakoroga jelatini kwenye maji ya moto, nachanganya, namimina kwenye mfuko wa plastiki na kuulaza uwe mwembamba kama chapati, kisha friza. Siku ya kulisha unavunja kipande. Uduvi mkavu wa sokoni usiutie, una chumvi nyingi.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Sasa nina duboisi kumi na wanane kwenye tangi la sentimita 120, na ninawalisha mara tatu kwa siku, kila mara kidogo ambacho kinaisha ndani ya dakika moja. Namwaga ncha zote mbili za tangi kwa wakati mmoja, kwa sababu dume kubwa likishika upande wake, wanyonge hawapiti. Watakuomba tena, watapanda juu na kufungua midomo kana kwamba hawajala tangu juzi. Usiwasikilize. Alhamisi hawapewi kitu zaidi ya mawe yao.

Kila siku angalia kinyesi, hata kama wageni watakucheka. Cha kijani au kahawia, kifupi, kinachokatika: endelea. Cheupe, kirefu, chembamba: simamisha chakula cha kopo, badilisha maji theluthi moja, mtazame mwenye dalili. Akitema chakula, akipumua haraka na kujibanza kona, mtenge na umwone daktari wa mifugo anayejua samaki. Dawa inayotumika sana ni metronidazoli, na huwasaidia wale ambao tumbo halijawa puto. Wa kwangu watano waliokufa nilikuwa nimechelewa.

Ukisafiri, usimwachie mtu kopo. Mwaka jana nilikwenda Kigoma siku sita, nikaweka mawe sita yaliyoota vizuri, makopo yote nikayafungia kabatini na ufunguo nikaondoka nao. Mdogo wangu alinipigia siku ya pili, sauti ya huruma: "Dada, samaki wako wananitazama." Nikamwambia azime taa ya tangi saa tatu usiku, basi.