Usibadilishe Sensa ya Eskaveta Kabla ya Kuzihoji Nyaya Zake

Eskaveta ya tani 20 iliyonifunza kazi hii ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ikishika udongo mgumu, injini inazama, inainuka, inazama tena, na kwenye skrini unatokea msimbo wa hitilafu wa sensa (kifaa cha kupimia) ya presha ya pampu. Nikabadilisha sensa. Baada ya saa mbili msimbo ukarudi. Nikafunga ya pili, ukarudi vilevile. Siku ya tatu nililala chini ya kebini na tochi, nikaufuata mkungu wa nyaya sentimita kwa sentimita, hadi pale unapobanwa na klempu ya chuma. Ganda la waya mmoja lilikuwa limelika, shaba inang'aa, eneo lisilozidi punje ya mchele. Kila mashine ilipotikisika, shaba ile iligusa bodi ya chuma ya mashine. Sensa zote mbili nilizozitoa zilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo sifungui boksi la sensa mpya mpaka nyaya zimejibu maswali yangu, na maswali yenyewe ni haya.

La kwanza namuuliza opareta. Hitilafu inakuja mashine ikiwa baridi au ikishapata moto? Wakati wa kuinua bumu, ule mkono mkubwa wa mashine, au wakati wa kuzunguka? Mashine iliogeshwa lini? Akisema "tangu jana tulipoiosha", naanza na maji ndani ya plagi. Akisema "nikiinua bumu tu", naanza na nyaya zinazojikunja kwenye mzizi wa bumu. Jibu moja la opareta limewahi kuniokolea siku nzima ya kupima.

Halafu betri. Eskaveta nyingi zinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Injini ikiwaka, mita isome kama volti 27 hadi 28 hivi. Zikipungua mno, au waya wa ethi, unaounganisha hasi ya betri na bodi, umelegea, kontrola (kompyuta ya mashine) huanza kutoa misimbo ovyo. Ukiona misimbo kumi kwa mpigo, usidhani sensa kumi zimekufa siku moja. Tafuta kitu kimoja zinachokitegemea zote.

Sasa usome msimbo wenyewe mpaka mwisho. Kwenye mashine zinazofuata J1939, mfumo wa mawasiliano kati ya kontrola za mashine nzito, namba inayoitwa FMI ndani ya msimbo inakueleza aina ya kosa. FMI 3 ni volti iliyozidi kiwango, FMI 4 ni volti iliyopungua, FMI 5 ni mkondo mdogo kuliko kawaida, na mara nyingi hapo waya umekatika. FMI 2 ni ishara inayorukaruka, na mimi nikiiona hiyo nafikiria pini iliyolegea kabla ya kitu kingine chochote.

Kazi yenyewe iko kwenye nyaya tatu. Sensa nyingi za presha zina waya wa chakula wa volti 5, waya wa ethi, na waya wa ishara. Zima swichi, chomoa plagi, washa swichi bila kuwasha injini. Weka mita kati ya pini ya chakula na pini ya ethi upande wa mkungu. Ukipata volti 5, nyaya hizo mbili zinafika, ingawa bado hujamaliza, maana waya uliobaki uzi mmoja nao utaonyesha volti 5 usipobeba mzigo. Kwa hiyo rudisha plagi, kisha pima ukiwa nyuma yake kwa sindano nyembamba inayopita kando ya mpira wa kuzuia maji. Kati ya ethi ya sensa na hasi ya betri, volti isizidi 0.1. Usitoboe ganda la waya. Tundu hilo dogo litanyonya maji, na baada ya miezi michache utakuta waya umeoza kijani ndani kwa ndani. Wala usisukume ncha nene ya mita ndani ya pini ya kike. Itapanuka, na utakuwa umeongeza hitilafu ambayo haikuwapo.

Volti 5 zikikosekana ukiwa umechomoa, usikimbilie kulaumu kontrola. Mara nyingi sensa kadhaa zinakula kwenye laini moja ya volti 5, na mmoja wao akipiga shoti anawanyima wenzake. Acha mita pale pale, chomoa sensa nyingine za laini hiyo moja baada ya nyingine. Volti zikirudi ghafla, aliyetoka mwisho ndiye mkosaji.

Waya wa ishara una siri nzuri. Sensa hizi kwa kawaida hutoa volti 0.5 pasipo presha, na 4.5 kwenye kilele cha uwezo wake. Haianzii sifuri kwa makusudi, ili kontrola ikiona sifuri ijue waya umekatika au umegusa ethi. Kwa hiyo unaweza kuikagua kwa hesabu. Sensa ya MPa (kipimo cha presha) 0 hadi 50, presha ikiwa MPa 35, inatakiwa itoe volti 3.3. Funga geji ya mkono kwenye tundu la kupimia, opareta ajaze mzigo, ulinganishe. Geji na sensa zikikubaliana kwamba presha iko chini, sensa inasema kweli, na ugonjwa uko kwenye pampu au vali. Nimeona mafundi wakibishana na sensa iliyokuwa shahidi mwaminifu.

Mashine ikiwa na pampu mbili zenye sensa za aina moja, badilishana plagi zake swichi ikiwa imezimwa, kisha washa injini iungurume taratibu bila mzigo. Msimbo ukihama, sensa ni mbovu. Ukibaki palepale, angalia waya. Hufungui oili hata tone. Ukimaliza, zirudishe zilipokuwa kabla mashine haijaguswa na kazi.

Sensa ya joto ni rahisi zaidi: ikipata moto, omu, yaani ukinzani wake kwa umeme, zinashuka. Zipo nyingi zinazosoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, kisha mia chache tu kwenye nyuzi 80. Itumbukize ncha yake kwenye maji ya moto huku ukiangalia mita. Ishuke taratibu bila kuruka.

Skrini ikidai kontrola hazisikilizani, kata umeme wa betri upime omu kati ya nyaya mbili za CAN, zile ambazo kontrola huzitumia kuzungumza. 60 ni sawa. 120 maana yake rezista moja ya mwishoni haipo au laini imekatika, na karibu na sifuri ni shoti.

Ikithibitika kwamba sensa lazima itoke, nakuomba usiharakishe hapa. Shusha baketi chini, zima injini, washa swichi, achia wenzo wa usalama ili joistiki zisifungwe, sogeza joistiki pande zote mara kadhaa, kisha toa presha ya tangi la oili. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa presha inapenya ngozi. Usitafute uvujaji kwa mkono, tumia kipande cha kadibodi. Ikikupenya, hata kidonda kikiwa kidogo kama cha sindano, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ukishafunga, tingisha mkungu wote kwa mkono huku ukitazama volti. Funga nyaya mbali na chuma kikali, futa misimbo, kisha mwambie opareta arudie kazi ileile iliyokuwa inaleta hitilafu, mashine ikiwa na moto uleule. Volti ulizopima ziandike kwenye karatasi, uiache kwenye kebini, ili fundi atakayekuja baada yako apate pa kulinganishia.