Somo: kupanga na kukata picha za ndege wa pwani

Picha ya ndege inapoharibika wakati wa kukata, yaani kupunguza kingo zake baada ya kupiga, mara nyingi kosa lilifanyika ufukweni. Mpigaji alisimama mbali, akasema atakata nyumbani. Kwa walio Mikindani, Msimbati na ghuba ya Lindi, kusini mwa Tanzania, dawa ya kwanza ya umbali ni maji, lenzi baadaye.

1. Ngojea maji. Yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope. Yakijaa husukumwa kidogo kidogo hadi ukingoni. Fika muda wa saa 2 kabla hayajajaa, lala kifudifudi, tulia, watakuja wenyewe. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, hujaa karibu saa kumi alasiri, na kwenye ufukwe unaotazama mashariki jua linakuwa mgongoni mwako. Asubuhi, ufukwe huohuo hukupa ndege mweusi tii juu ya maji yanayong'aa. Kila siku saa ya maji husogea mbele kwa kama dakika 50. Usilale kwenye fungu la mchanga lenye mkondo nyuma yako, utazungukwa.

2. Shusha kamera hadi usawa wa jicho la ndege. Ukipiga kwa kusimama, tope lililo chini ya tumbo lake huonekana kali kama yeye. Ukiwa chini, kilicho nyuma yake kiko mbali, nacho hulainika.

3. Bakiza nafasi. Fokasi iwe kwenye jicho. Acha upana wa mwili mmoja kila upande; kwa anayeruka acha mara mbili, maana ncha ya bawa iliyokatwa hairudi. Shata, yaani muda kamera inaofunguka, iwe 1/1000 ya sekunde kwa anayetembea, 1/2000 kwa anayeruka. Yangeyange, au yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi, mpunguzie mwanga theluthi mbili ya stopu hadi stopu 1 (stopu 1 ni kupunguza mwanga kwa nusu), la sivyo manyoya yatageuka karatasi.

4. Kata kwa mpangilio. Nyoosha upeo wa bahari kwanza. Kuzungusha picha kwa nyuzi 3 tu hukula kama asilimia 7 ya urefu na ya upana, kwa hiyo aliyekata kwanza akanyoosha baadaye hujikuta bawa limegusa ukingo. Kisha chagua umbo. 3:2 linaingia sawasawa kwenye karatasi ya inchi 6 kwa 4. Halafu msogeze ndege: anakotazama kuwe na nafasi kama mara mbili ya mgongoni.

Miguu ndiyo huwashinda wengi. Aliyezama hadi magotini achiwe maji chini yake, kana kwamba miguu inaonekana. Taswira yake majini ama iingie yote ama ikatwe juu kabisa; kuiacha nusu mdomo ni kosa. Ukitaka kichwa tu, kata kifuani bila woga. Kukata kwenye kifundo au kuchani huonekana kama ajali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nikikata mpaka ndege ajae, manyoya yanakuwa kama mchanga.*
Marahaba. Hesabu pikseli. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6000 kwa 4000. Ukibakiza nusu ya kila upande unapata 3000 kwa 2000, yaani megapikseli 6, robo tu, ingawa bado inatosha kuchapa upana wa inchi 10. Ndege akiwa na upana wa pikseli 500 tu, mwache mdogo, mikoko na maji vibebe picha.

*Ninatumia simu. Nivute kwa vidole kwanza au nikate baadaye?*
Kama simu ina lenzi ya mara 2 au 3, itumie hadi hapo. Zaidi ya hapo, kuvuta ni kukata kabla ya kupiga, na hicho kilichokatwa hukipati tena. Piga pana.

*Mlingoti wa ngalawa umetokea kichwani kwa ndege. Naukataje?*
Haukatiki bila kichwa chake. Unapopiga, jiburute hatua moja kushoto au kulia: ndege yuko karibu, ngalawa iko mbali, wataachana mara moja.

*Nikituma WhatsApp picha inafifia.*
Programu huibana. Itume kama dokumenti.

*Wakitua wote mchangani maji yakijaa, nisogee?*
Hapana. Hapo wanapumzika. Wakianza kunyoosha shingo na kutembea wakikupa mgongo, umeshakaribia mno. Rudi nyuma ukiwa chini vilevile.