Jinsi ya kusafisha maji ya rangi za batiki kwa mifuko ya uyoga iliyochoka

Wenzangu tunaotia rangi batiki nyumbani, hayo maji meusi tunayomwaga mtaroni kila jioni yanaweza kusafishwa kwanza badala ya kwenda moja kwa moja mto Msimbazi au kisima cha jirani, na leo nataka niwaelekeze ninavyofanya mimi hapa uani. Tunatumia uyoga mamama, huu huu wa kula, ila hatuhitaji uyoga wenyewe, tunahitaji ile mifuko ya kuoteshea uyoga ambayo mkulima kashavuna mara mbili tatu na haizai tena vizuri. Wengi wanaitupa tu, ukiwaomba wanakupa.

Kwa nini mamama? Kazi yake porini ni kuozesha magogo. Mti una lignini, ndo inaufanya uwe mgumu, na uyoga huu unatoa vimeng'enya vya kuivunja, kimojawapo kinaitwa lakesi. Sasa vimeng'enya hivi havichagui sana, rangi nyingi za nguo zina maumbo ya pete yanayofanana na vipande vya lignini, kwahiyo vinazivunja nazo. Sio habari mpya hii, mwaka 1983 Glenn na Gold kule Marekani walionyesha kuvu mwingine wa kuozesha miti, Phanerochaete chrysosporium, anavyoondoa rangi, na viwanda vya jinzi vinatumia lakesi kupausha indigo tangu miaka ya 1990.

Hatua ya 1: chagua mfuko. Uchane kidogo uangalie ndani. Unataka utando mweupe, yaani zile nyuzi za uyoga, ulioshika pumba au mabaki ya pamba vizuri na harufu ya uyoga mbichi. Ukiona ukungu wa kijani au inanuka kama kitu kilichochacha achana nao, huo umeshatekwa na kuvu wengine.

Hatua ya 2: andaa maji. Hapa ndo kazi yote ilipo jamani, mtu akishindwa mara nyingi sio uyoga, ni maji hayakuandaliwa.

Kama unatumia zile rangi za kupika na kostiki (magadi makali yanayounguza) na haidro (unga wa kuyeyushia rangi), usikimbilie kutia chochote. Kwanza engua nta yote iliyoganda juu, alafu acha ndoo wazi nje na ukoroge mara kwa mara mpaka kesho yake au zaidi. Hewa inamaliza nguvu ya haidro na rangi yenyewe inarudi kuwa chembe zisizoyeyuka zinazama chini, utaona tope limekaa na maji ya juu yamepungua ukali wa rangi. Chota maji ya juu taratibu, tope libaki. Ukiruka hatua hii ukatia siki wakati haidro bado ina nguvu inatoka gesi kali ya salfa inayokaba koo, kwa mwenye pumu ni hatari kabisa. Kwahiyo haidro iishe kwanza, na siki utie nje penye upepo, umevaa glavu maana kostiki inaunguza.

Sasa pima na karatasi za pH, zinazoonyesha ukali wa asidi au magadi kwenye maji. Maji ya kostiki yanaweza kuwa 12 na huko utando unakufa, tunataka kati ya 5 na 6. Tia siki nyeupe kidogo kidogo huku unakoroga na unapima. Kama ulitumia rangi zinazoshikishwa kwa chumvi na magadi soda povu litapanda sana, usijaze ndoo. Hizo nazo zina chumvi nyingi inayouchosha utando, ongeza maji safi mpaka ukiyaweka kwenye chupa nyeupe mwanga unapita upande wa pili.

Hatua ya 3: ndoo ya lita 20 yenye koki chini. Weka kokoto, juu yake kipande cha chandarua, alafu mabonge ya utando ukubwa wa ngumi. Usiyasage, ukisaga unakata nyuzi zote. Mimina maji safi kidogo yapite, yatatoka ya kahawia kama chai, usiyamwage hayo! Yana vimeng'enya, yachanganye kwenye maji ya rangi.

Hatua ya 4: mwagia maji ya rangi juu, yachuruzike, yakinge chini, uyarudishe asubuhi na jioni. Usiloweke mabonge yakazama maana lakesi inafanya kazi kwa oksijeni na utando wenyewe unahitaji kupumua. Weka kivulini pasipo joto kali, nyuzi 25 mpaka 30 panatosha. Bluu nyingi zinapauka mapema, nyeusi na nyekundu za jamii ya azo (kundi kubwa la rangi za viwandani) zinachelewa, zipe wiki nzima au zaidi.

Hatua ya 5: hakikisha. Maji kuwa meupe haitoshi, maana utando unaweza kuwa umeinywa tu rangi bila kuivunja. Chukua bonge moja ulichemshe vizuri life, liweke kwenye kopo lake na maji yale yale ya rangi, ulinganishe. Bonge lililokufa likibaki na rangi ya nguo na lile hai likabaki jeupe au likapauka siku zinavyoenda, basi kweli uvunjaji unafanyika. Alafu otesha mbegu za mchicha kwenye vitambaa viwili, kimoja maji ya bomba kingine maji yako. Rangi za azo zikivunjika nusu nusu zinaweza kuacha vipande vyenye sumu, kwahiyo mbegu za upande wako zikigoma au mizizi ikawa mifupi rudisha maji kwenye ndoo.

Yakipita mwagia maua au miti ya kivuli, sio mboga, sio mtoni, na usinyweshe mifugo. Uyoga ukichomoza humo usile hata kama umependeza. Madini kama kromi na shaba kuvu haimalizi, yanabaki kwenye utando na kwenye tope, kwahiyo hayo mabonge yakichoka yakaushe pamoja na lile tope la hatua ya 2, yafunge kwenye mfuko mgumu uyatenge, na usiyatie kwenye mboji ya shamba wala usiyatumie kuwashia jiko.