Kiebrania cha kila siku kwa mtu wa Mbeya: anza na vitenzi, majina utayaokota njiani

Huku Mbeya wanaotafuta Kiebrania ni vijana wanaofukuzia mafunzo ya kilimo Israel, au watu wa kanisani wanaotaka kuisoma Biblia kwa karibu. Wengi wao wanaanza kwa kukariri majina ya vitu, meza, dirisha, mbwa, alafu siku ya siku hawawezi kuomba hata maji ya kunywa. Mi nasema anza na vitenzi.

Shika vitatu kwanza: rotse ni nataka, tsarikh ni inabidi, yakhol ni naweza. Hivi unavipachikia kitenzi chochote cha "ku". Ani rotse lishtot mayim, nataka kunywa maji. Ani tsarikh la'avod, inabidi nifanye kazi. Ani lo yakhol lishon, siwezi kulala, hiyo lo ndo ya kukataa, unaiweka mbele ya kitenzi basi. Hiyo kh itoe kooni kama watu wa pwani wanavyosema kheri, sisi huku tumezoea heri kwaiyo fanya mazoezi kwa sauti bila aibu.

Dada zangu nyie mtasema rotsa, tsrikha, yekhola. Hapa ndo penye kazi kwa Mswahili, manake kwetu "anakula" ni huyohuyo awe baba awe mama, ila Kiebrania lazima kijue. Afadhali wakati uliopo una sura nne tu: okhel anakula mwanaume, okhelet mwanamke, okhlim wengi, okhlot wengi wakiwa wanawake watupu. Na haibadiliki kwa mimi, wewe au yeye: ani okhel, ata okhel, hu okhel, ukimwambia mwanamke ni at okhelet. Zingatia pia hu ni yeye wa kiume, hi ni yeye wa kike, na mi kwao ni "nani", kwaiyo ukisikia mi ze wanauliza nani huyu.

Alafu mizizi, na hapa ndo napapenda kuliko kote. Vitenzi vingi vimejengwa juu ya konsonanti tatu. Chukua k-t-v, kuandika: kotev anaandika, katavti niliandika, katavnu tuliandika, mikhtav barua, ktovet anwani. Mbona kama unazijua? Kitabu, katibu, maktaba tumezipata kwenye Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania, b imegeuka v tu. Kwaiyo daftari lako lipange kwa mizizi, ukurasa mmoja mzizi mmoja, usipange kwa alfabeti. Ukitaka kuhakiki kitenzi ingia tovuti ya Pealim, inakuonesha sura zake zote.

Namba nazo tayari unazo nusu nusu. Shesh, sheva, tesha ni sita, saba, tisa. Esrim ishirini, arba'im arobaini, khamishim hamsini, shishim sitini, shiv'im sabini, me'a mia, elef elfu. Ukipita soko la Mwanjelwa bei unayotajiwa igeuze kimoyomoyo, na kuuliza sema "kama ze ole", hii bei gani? Hiyo kama ni ya Kiebrania, "kiasi gani".

Ila kwenye siku kuwa makini sana. Wao wanahesabu kuanzia Jumapili, sisi kuanzia Jumamosi. Yom shlishi ni siku ya tatu, lakini ni Jumanne, siyo Jumatatu! Ukipewa siku ya kuripoti kazini uliza mara mbili.

Majina ya vitu yaokote kwenye vitu vyako mwenyewe. Mchele wa Kyela ni orez, viazi vya Uyole tapukhei adama, yaani matofaa ya ardhini, mahindi tiras, maziwa khalav, chai te, parachichi ni avokado. Mama wa Tukuyu mwenye genge la ndizi aseme ani mokheret bananot, nauza ndizi. Na asubuhi ya mwezi wa sita ukiamka meno yanagongana sema kar li, naona baridi, hiyo huku utaitumia mpaka uichoke.

Herufi ni 22, zinaandikwa kutoka kulia, na irabu kwa kawaida haziandikwi, ndo maana nimekuanzishia masikio kwanza, ukishalijua neno kwa sauti utalitambua hata likiwa limeandikwa bila irabu. Jifunze herufi chache chache kila siku.

Kwa nyie wa kanisani, mizizi ni ileile ila nyakati siyo. Kiebrania cha mtaani kimefufuliwa kwenye mazungumzo mwishoni mwa karne ya 19, Eliezer Ben-Yehuda akiwa mstari wa mbele. Leo yomar ni "atasema", lakini kwenye Mwanzo utakuta vayomer na maana yake ni "akasema", kwaiyo ukiona va imetangulia kitenzi cha namna hiyo, soma kama hadithi ya jambo lililokwisha kupita.