Somo: Kupunguza Mwili Baada ya Sitini Bila Kupoteza Miguu

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Wengi mmeniuliza nilivyolipunguza tumbo, nami nimekuwa nikikwepa kwa sababu mara ya kwanza nililipunguza vibaya. Nianze hapo.

Nilistaafu ukarani wa bandarini nikiwa na miaka 60 na kilo 88. Mwaka mmoja wa kukaa barazani na kahawa na kashata, tumbo likawa linatangulia mbele kama tanga la jahazi. Daktari akanigombeza. Nikaamua kujinyima: asubuhi chai ya rangi, mchana kipande cha papai, usiku ndizi mbili. Kwa miezi minne kilo 11 zikaenda, mtaa mzima ukanisifu. Kisha siku moja, swala ya alasiri, nikashindwa kuinuka kwenye sijda mpaka nikashika kanzu ya jirani. Wiki iliyofuata niliomba kiti cha plastiki, nikawa naswali ukutani pamoja na wazee wa miaka themanini.

Mwili ukinyimwa chakula bila kupewa kazi hauli mafuta peke yake. Unakula na misuli, na sehemu hiyo huweza kufika robo ya kilo zote zilizopungua. Tena ukishavuka sitini misuli inakwenda yenyewe hata usipojinyima. Kwa hivyo mimi nilikuwa nimeuza mapaja ili ninunue mshipi mfupi.

Hatua ya 1: Jipime kwa kiti

Mizani iache kwanza. Chukua kiti cha kulia chakula, kisicho na mikono, ukiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, mtu akushikie saa. Inuka mpaka usimame wima, kaa, inuka tena, kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 afikishe angalau mara 14, mwanamke 12. Wa 65 hadi 69, mwanamume 12 na mwanamke 11. Siku mtaalamu wa viungo aliponipima nilipata 6, na ile ya sita niliipata kwa kuuma meno.

Halafu kiuno. Utepe wa fundi cherehani unatosha: uzungushe usawa wa kitovu, toa pumzi, soma. Mwanamume akipita sentimita 102, au mwanamke 88, hatari ya sukari na moyo imeshakuwa kubwa.

Kapime na presha na sukari kabla ya kuanza. Anayebanwa kifua akipanda ngazi, au anayeshikwa na kizunguzungu, asianze bila daktari.

Hatua ya 2: Kiti hicho hicho ndicho dawa

Siku tatu kwa wiki, na katikati siku ya kupumzika. Inuka na ukae mara 8, pumzika dakika moja, rudia mpaka ziwe duru tatu. Ukishindwa, ongeza mto juu ya kiti. Kikiinuka, kazi inapungua. Ukiona rahisi, shuka polepole ukihesabu hadi nne, maana kule kushuka ndiko kunakojenga paja.

Ongeza kusukuma ukuta kwa viganja mara 10, kuinuka kwa vidole vya miguu ukiwa umeshika meza, na kusimama mguu mmoja mbele ya mwenziwe, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10. Hilo la mwisho linaonekana la kitoto mpaka ulijaribu. Kwa mikono, chupa mbili za maji za lita moja zinatosha.

Bibi yangu hakuwahi kusikia neno mazoezi. Lakini alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akainuka. Akala mkekani kwenye sinia, akainuka. Akachambua mchele chini, akainuka. Kufikia usiku ameshafanya duru zake zote. Sisi tumenunua sofa, na tui linakuja kwenye pakiti. Sisemi uuze sofa. Lakini ukiweza, kula chakula cha mchana mkekani, na unapoinuka usiite mjukuu akuvute.

Hatua ya 3: Kutembea, na saa ya kutembea

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Nusu saa siku tano zinakufikisha kwenye 150. Kipimo changu cha mwendo: uweze kuzungumza, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikatike.

Hapa kwetu adui ni joto. Mwishoni mwa kaskazi, Februari na Machi, saa tatu asubuhi jua linachoma na hewa imejaa unyevu, jasho halikauki. Toka baada ya alfajiri, saa mbili uwe umeshaingia ndani. Kunywa maji hata kama huna kiu, kwa sababu kiu yenyewe hupungua na umri. Mwenye dawa ya presha ile ya kukojoza amuulize daktari kiasi cha maji kinachomfaa.

Mimi naenda Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni hapa Mombasa. Sakafu imenyooka, upepo wa bahari upo, mibuyu ipo, na ukichoka unakaa unatazama meli ikiingia Kilindini. Balaa ya pale ni mihogo ya kukaanga na kachri za Lighthouse. Beba pesa ya dafu tu, basi. Wenzetu wa Kisauni na Bamburi wana ufuo wa Pirates: subirini maji yakupwe, mtembee kwenye mchanga mgumu ulio karibu na maji, si ule laini wa juu unaozamisha mguu na kulitesa goti. Mji wa Kale una kivuli kizuri, lakini vichochoro vina mikokoteni na pikipiki, na mzee akikwepa moja anakutana na nyingine.

Hatua ya 4: Sahani

Sitawaambia muache nazi. Nitawaomba muihesabu.

Mililita 100 za tui zito zina kalori kama 200. Kijiko kikubwa cha mafuta kina 120. Sasa tazama chakula cha mchana cha heshima: wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka. Hizo ni nazi tatu kwenye sinia moja! Nyumbani tumekubaliana kwamba tui zito linaingia chungu kimoja tu. Wali ukiwa wa nazi, samaki anachomwa kwa ndimu na pilipili, na mchicha unakaangwa kwa kitunguu. Samaki akiwa wa kupaka, wali unakuwa mweupe. Hakuna aliyelalamika zaidi ya wiki mbili, na aliyelalamika zaidi alikuwa mimi.

La pili ni kinachojenga misuli, yaani protini. Kwa umri wetu wataalamu wanataka gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 70 hadi 84. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja kina kama gramu 20, yai moja 6, kikombe cha pojo zilizopikwa 14. Igawanye siku nzima, usingoje usiku. Hapo ndipo chai yetu ya asubuhi inapotuangusha: mahamri mawili matatu na chai ni unga, sukari, mafuta, na misuli haipati kitu cha maana. Siku hizi nala hamri moja, bakuli la mbaazi za tui jepesi, na yai la kuchemsha. (Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.)

Sukari nayo. Kijiko kidogo ni gramu 4. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni karibu gramu 50, na hujagusa halwa. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi haukushtuka.

Biriani ya Ijumaa kula tu: anza na nyama na kachumbari, wali uwe kama ngumi yako.

Kwa mpango huu usitegemee zaidi ya kilo moja au mbili kwa mwezi. Zikienda haraka kuliko hapo, rudi kwenye kiti ujipime.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Nina miaka 63, goti la kulia linauma na daktari amesema limesagika. Si bora nilipumzishe? (Likoni)*

Marahaba, dada yangu. Goti lililosagika likipumzishwa sana huzidi kukakamaa, kwa sababu paja linalolibeba linadhoofika. Anza na kiti kirefu chenye mto, na kunyoosha mguu ukiwa umekaa, uhesabu tano, ushushe. Maumivu madogo wakati wa zoezi si kitu. Yakiwa yamezidi kesho yake asubuhi, punguza. Bahari unayo karibu: ingia mpaka kiunoni siku ya maji matulivu, usiwe peke yako, utembee humo, maji yanakubebea mwili. Na kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

*Mimi nina sukari na natumia sindano. Nikitembea alfajiri bila kula natetemeka na jasho baridi linanitoka. (Bamburi)*

Hiyo ni sukari kushuka, ndugu yangu, na si ya kuvumilia. Simama hapo hapo, kunywa maji yenye vijiko vinne vidogo vya sukari au nusu glasi ya soda ya kawaida, kaa robo saa, upime. Usitoke tena na tumbo tupu, tembea na mwenzio, weka peremende mfukoni. Wiki hii mweleze daktari apange upya kipimo cha sindano na saa ya mazoezi, usikibadilishe mwenyewe. Na vaa viatu vilivyofunika mguu, si ndara, kisha ukirudi tazama nyayo.

*Sisi kina mama tunaona haya kuhangaika Mama Ngina na mabuibui yetu. (Mji wa Kale)*

Mke wangu alisema hivyo hivyo. Sasa wako sita, wanatoka pamoja, na wanacheka kuliko sisi. Ushauri wake, si wangu: buibui la kutembelea likatwe pindo lifike juu ya kifundo, maana wengi huangushwa na nguo, si na miguu. Siku ya mvua wanapanda na kushuka ngazi za nyumba, mkono mmoja ukutani.

*Mwezi wa Ramadhani je?*

Zoezi la kiti lifanye usiku, baada ya tarawehe, umeshakunywa maji. Mchana tembea kwa starehe tu. Mwezi ule watu wengi hawanenepeshwi na futari yenyewe. Wananenepeshwa na kaimati zinazoendelea kuliwa mpaka daku.

*Mama yangu ana 71. Amepungua sana tangu mwaka jana bila kujinyima, watu wanampongeza. Nimwanzishe protini? (Changamwe)*

Mwanangu, mpeleke hospitali kwanza, na iwe wiki hii. Mtu mzima akipoteza asilimia 5 ya uzani ndani ya miezi sita hadi mwaka bila kutaka, hilo linatafutiwa sababu. Inaweza kuwa sukari, kifua kikuu, tezi ya shingo, huzuni, hata meno yanayouma tu akashindwa kutafuna. Kwa mwenye kilo 60, asilimia 5 ni kilo 3. Pongezi zingoje.

*Mzee umetuhesabia kila kitu, wewe mwenyewe una kilo ngapi sasa?*

Nina miaka 67 na kilo 82, yaani nimezidi kwa kilo 5 ile siku niliyosifiwa mtaa mzima. Kiuno sentimita 96. Kiti, mara 15 Jumatatu iliyopita. Kile cha plastiki cha msikitini nimekirudisha.